Mtama ghafi ni makinikia yetu

JUMAMOSI moja jioni nilikuwa Kakola, mji mdogo uliokua kando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Rafiki yangu mmoja, fundi mitambo wa chini ya ardhi, alikuwa amerudi kutoka likizo Nairobi akiwa na chupa mbili za bia nyeusi ambayo kwenye baa za huku haipatikani. Si ile nyeusi ya kampuni kubwa tunayoijua sote. Hii ilitoka kwenye kiwanda kidogo chenye matangi machache, na kwenye lebo iliandikwa kuwa ni pota. Akanisogezea glasi akasema: "Wewe ndugu yangu ni msomi wa uchumi wa kilimo. Onja, halafu uniambie mkulima yuko wapi humu ndani."

Niseme mapema kwamba mimi si mnywaji wa kutolea mfano, na makala haya hayamshawishi mtu anywe. Wanaoshuka mgodini asubuhi wanajua kuwa kazi ile na pombe havikai nyumba moja. Lakini swali la rafiki yangu lilikuwa la haki, na lilinichukua siku kadhaa kulijibu.

Kwanza ile bia yenyewe. Povu lake halikuwa jeupe, lilikuwa la rangi ya kahawia. Ukiinua glasi kwenye taa huoni upande wa pili, ila pembeni kuna wekundu kidogo. Harufu ilikuwa ya kahawa iliyotoka kukaangwa. Mdomoni ilianza kama chokoleti isiyotiwa sukari, halafu ikabaki na uchungu mkavu, ule wa ukoko wa ugali ulioshika chini ya sufuria. Nikageuza chupa kutafuta kahawa kwenye orodha ya vilivyomo. Haikuwamo. Kulikuwa na maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira, basi.

Glasi ya pili nilimpelekea mama mmoja jirani na pale nilipofikia, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipika pombe ya mtama na kuuza kimea kwa wenzake wenye vilabu. Nilimwamkia "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akanusa kabla ya kuonja. Akaonja kidogo sana. Akacheka. "Mwanangu, hawa wameunguza kimea. Tena wameunguza makusudi, maana hakuna moshi, kuna moto tu."

Mayu alikuwa amepatia. Siri ya bia ile nyeusi ni kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kama punje ya kahawa. Pota ilianza London katika karne ya 18, na jina lake lilitokana na wapagazi wa mizigo waliokuwa wanaipenda. Mwanzoni ilitengenezwa kwa kimea cha kahawia tupu. Watengenezaji walipoanza kutumia kipimo cha kuonyesha ni sukari kiasi gani inayotoka kwenye nafaka, waligundua jambo ambalo mchumi yeyote angelifurahia: kimea cheupe, ijapokuwa kilikuwa ghali zaidi kwa gunia, kilitoa sukari nyingi zaidi kwa kila shilingi. Wakahamia kwenye kimea cheupe. Sasa bia ikapoteza weusi, na wateja hawakutaka pota nyeupe. Wengine wakaanza kutia rangi za hovyo, mpaka mwaka 1816 sheria ya Uingereza ikakataza rangi yoyote isiyotokana na kimea chenyewe. Mwaka uliofuata, 1817, Daniel Wheeler akapata hataza ya pipa la kuzungusha la kukaangia kimea, linalofanana kabisa na la kukaangia kahawa. Joto linapita nyuzi 200. Kilo chache za kimea hicho cheusi zinatosha kuitia rangi na ladha pishi zima.

Nawaomba wasomaji wakae na jambo hili kidogo. Sehemu kubwa ya nafaka iliyomo katika pota ni kimea cha kawaida. Kinachoifanya pota iitwe pota, na iuzwe kwa bei ya pota, ni kama kilo 5 katika kila kilo 100. Shamba lilelile na nafaka ileile, ila kuna mtu aliyekaa na moto akajua dakika ya kutoa.

Kwetu ujuzi huo si mgeni. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutengenezwa kwa donge la unga wa mahindi uliochachushwa, likakaangwa juu ya bati mpaka likawa la kahawia, kisha likachanganywa na kimea cha ulezi. Ajon ya Wateso nchini Uganda nayo hupitia moto kwenye unga wa ulezi kabla ya kuchachushwa mara ya pili. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema bia nyeusi ni mambo ya Wazungu, nadhani hajatembelea jiko la bibi yake.

Sasa nirudi kwenye swali: mkulima yuko wapi humu ndani?

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aibadilishe kwa bei za gulio lake. Chupa ya nusu lita ya bia ya namna ile inahitaji nafaka ya gramu 100 hadi 125. Tuseme mtama unauzwa Sh 700 kwa kilo. Katika chupa hiyo mkulima ana kati ya Sh 70 na Sh 88. Rafiki yangu alilipia kila chupa zaidi ya mara tatu ya bia ya kawaida, tena kwa shilingi ya Kenya. Bado kuna chupa, umeme, kodi, usafiri na faida ya mwenye baa, sikatai. Lakini ile Sh 70 haitaongezeka hata kama bia ikiuzwa kwa bei ya mafuta ya ndege, kwa sababu mkulima alishatoka kwenye biashara siku alipofunga gunia la lumbesa na kumkabidhi dalali.

Watu wa Bulyanhulu hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi. Mgodi wao ulianza uzalishaji mwaka 2001, na kwa miaka mingi sehemu ya mzigo wake ilisafirishwa nje kama makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha, ukayeyushwe huko kwenye viwanda vya wenzetu. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo, na nchi nzima ikajifunza neno makinikia. Mabishano yalikuwa makali, na gharama yake Kakola waliilipa: mgodi ulipunguza shughuli mwaka huohuo, wafanyakazi wakaondoka, vyumba vya kupanga vikabaki na kufuli, mpaka kazi ya chini ya ardhi ilipoanza tena mwishoni mwa 2020. Sitaki kuufufua mjadala ule. Ninachosema ni kwamba taifa lililosimama kidete kudai thamani iliyomo kwenye mchanga halijawahi kusimama hivyo kwa ajili ya gunia la mtama wa Kishapu.

Tazama mfano wa nyeusi inayojulikana kuliko zote, Guinness, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1759. Inatengenezwa katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Mwaka 1988 Nigeria ilizuia uingizaji wa shayiri na kimea chake, na viwanda vyake vya bia vikalazimika kugeukia mtama na mahindi, Guinness ikiwamo. Wakulima wa mtama wa kaskazini mwa Nigeria wakapata soko ambalo hawakuwahi kuliota. Hilo ni jambo kubwa, na wanaosema mtama haufai kwa bia nyeusi wajibiwe kwa mfano huo. Lakini kuna upande wa pili ambao husemwa mara chache. Viwanda vya Guinness vya nje hupelekewa kutoka Ireland kiini kizito kilichotengenezwa kwa nafaka iliyokaangwa, na hicho ndicho kinachobeba rangi na ladha yake. Mwili wa bia ni wa nafaka ya mkulima wa pale ilipotengenezwa. Weusi umekuja na meli.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa Sh 70 yangu.

Kwa bahati mbaya sheria yetu ya ushuru nayo imekuwa ikimsukuma mkulima kwenye upande uleule. Kwa miaka mingi jedwali la ushuru wa bidhaa limeitoza kidogo bia inayotengenezwa kwa nafaka za ndani zisizooteshwa. Katika bajeti ya mwaka 2012/13, kwa mfano, bia hiyo iliwekewa Sh 310 kwa lita wakati bia nyingine zikilipa Sh 525. Tofauti ya Sh 215 kwa lita si mchezo, na nia yake ilikuwa njema, kumpatia soko mkulima wa mtama na mahindi. Lakini lisome tena hilo neno: zisizooteshwa. Yaani punguzo linapatikana nafaka ikiingia kiwandani ikiwa mbichi. Kikundi cha akina mama kikiotesha mtama, kikaukausha, kikaondoa mizizi na kuuza kimea, kwa mstari huo kimemharibia mnunuzi wake hesabu. Nafaka ghafi inapewa zawadi na iliyoongezwa thamani inapewa adhabu. Sijui kama aliyeuandika mstari ule aliwahi kukutana na mtu anayeuza kimea.

Wakulima wa shayiri wa Karatu, Monduli na Siha walisikilizwa. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha ushuru wa bia inayotokana na shayiri iliyolimwa nchini kutoka Sh 765 hadi Sh 620 kwa lita. Sina kinyongo nao, walikuwa na kilio cha kweli cha soko. Ila kimea cha mtama hakikuguswa na punguzo hilo, na sababu naidhania: hakuna aliyekisemea. Shayiri ina mashamba makubwa, wakulima wenye trekta na watu wanaojua njia ya kwenda Dodoma. Kimea cha mtama kina Mayu na wenzake.

Kabla wasomaji hawajaanza kuvunja mabanda ya kuku ili kujenga tanuri la kukaangia, nitoe tahadhari, maana nimeona wengi wakiumizwa na makala za magazetini zinazosema kila kitu ni dhahabu. Viwanda vidogo vya bia katika Afrika Mashariki vipo. Nairobi wapo 254 Brewing na Bateleur, Kampala yupo Banange. Lakini ni vidogo kweli. Chukua kiwanda kinachopika lita 1,000 kwa wiki. Kwa mwaka kinahitaji nafaka ya tani 10 hivi. Kikipika pota tupu mwaka mzima, jambo ambalo hakuna anayelifanya, kimea cheusi kitakuwa tani nusu. Magunia matano! Mkulima mmoja wa Kishapu anaweza kuyajaza peke yake na kubakiza ya uji. Atakayeuza ng'ombe ili akaangie soko hilo atajuta.

Soko lenye uzito ni la kimea cha kawaida, na lipo tayari, ila hatulihesabu kwa sababu linapita kwenye madebe na vibaba. Kila kilabu cha pombe kuanzia Kahama hadi Geita kinahitaji kimea kila wiki. Mji wa machimbo haulali, na wachimbaji wadogo wakipata mfuko wa mawe mazuri vilabu hujaa. Kimea hicho kinahitajika pia kwenye uji wa watoto, maana kijiko kimoja huufanya uji mzito ulegee bila kuongeza maji, mtoto akala chakula zaidi kwa kikombe kilekile. Faida ya kuwa na mnunuzi wa uji na mnunuzi wa pombe kwa mzigo mmoja ni kwamba mmoja akiyumba, mwingine anakushika.

Na wanunuzi huyumba. Uganda walianza vizuri mwaka 2002, Nile Breweries ilipotoa bia ya Eagle kwa kutumia mtama mweupe wa Epuripur uliotoka kituo cha utafiti cha Serere, huku Serikali ikikubali ushuru mdogo. Kenya walifuata njia inayofanana na bia ya Senator iliyotoka mwaka 2004, na baadaye mtama ukalimwa kwa mikataba katika maeneo ambayo mahindi yalikuwa yanakauka kila msimu. Kisha mwaka 2013 Serikali ya Kenya ikarudisha ushuru wa asilimia 50. Mauzo ya Senator yakaporomoka, mikataba ikakatwa, na waliokuwa wamepanda wakabaki na mtama ghalani. Punguzo lilirudishwa mwaka 2015, lakini mkulima aliyekula hasara misimu miwili harudi shambani kwa tangazo la redio. Yaliyoikuta Kakola kwa makinikia yaliwakuta wao kwa bia.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa kazi. Mtama wa kimea huchaguliwa mzima, usiovunjika wala kuoza, na usiwe wa zamani sana la sivyo hautaota. Huloweshwa karibu siku nzima, maji yakibadilishwa, kisha hutandazwa na kufunikwa kwa siku nne au tano, ukigeuzwa ili usipate joto. Baadaye hukaushwa na mizizi midogo husuguliwa na kutupwa. Mizizi hiyo isichukuliwe kwa mzaha: mtama unapoota hutengeneza sumu ya jamii ya ile ya muhogo mchungu, na sehemu kubwa iko kwenye hayo machipukizi na mizizi. Hatari nyingine ni ukungu. Kimea kilichoanikwa chini kwenye vumbi, kikanyeshewa usiku, kinaweza kubeba sumukuvu, na hakuna kiwanda chenye maabara kitakachokipokea. Turubai na kichanja ndiyo mtaji wa kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Katika kuota, uzito hupungua, mara nyingi kwa zaidi ya kilo 10 katika kila kilo 100. Anayepanga bei bila kuhesabu upungufu huo anauza kwa hasara huku akidhani ana faida. Maji nayo ni gharama, ingawa tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama uzinduliwe mwaka 2009 hali si ile ya kugombania visima. Kwa mbegu, Macia, mtama mweupe mfupi unaokomaa mapema, unafaa kwa unga na kwa bia, lakini ndege wanaupenda kuliko sisi. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege huukwepa, ila ukakasi huohuo huzuia vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Penye kiduha wakulima waulizie Hakika na Wahi, mbegu zilizotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya kukabiliana nacho. Maofisa wa TARI Ukiriguru wapo, waulizwe.

Ninachokitaka kutoka Dodoma ni kidogo. Mstari wa nafaka zisizooteshwa uongezwe maneno machache, ili kimea cha mtama na ulezi kilichooteshwa na Watanzania kipate unafuu uleule wa nafaka mbichi, na unafuu huo uandikwe kwa miaka mitano, si kwa msimu mmoja wa bajeti. Viwanda vikubwa viwili, TBL na Serengeti, vina mitambo Mwanza, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Vitasema kimea cha mtama kina vimeng'enya vichache kuliko cha shayiri, na ni kweli. Basi vianze na sehemu ndogo ya pishi, vituambie vipimo vinavyotakiwa, na vikundi vijipime kwa hivyo. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi inunue bidhaa na huduma za Watanzania, na kantini za migodi hupika uji kila asubuhi. Wa Bulyanhulu wanaweza kuanzia kwenye uji huo bila kusubiri sheria yoyote ibadilike.

Siku mbili baada ya kuonja, Mayu aliniita. Alikuwa amekaanga kimea chake kwenye chungu cha kukaangia karanga, nusu kilo, akikigeuza kwa mwiko bila kuacha. Theluthi moja ilikuwa imeungua ikawa mkaa, nyingine ilikuwa ya kahawia tu, lakini katikati palikuwa na punje nyeusi zinazong'aa ambazo ukizitafuna unapata ladha ileile ya glasi ya Jumamosi. Akasema moto wa kuni hauaminiki, anahitaji pipa linalozunguka. Nikamwambia SIDO wanaweza kumchongea. Akauliza bei. Sikuwa nayo.

Rafiki yangu amekubali kuchukua kilo mbili safari ijayo ya Nairobi, awape wale wenye matangi wakajaribu. Mayu ameweka masharti. Walipe kabla, kwa sababu kimea kikishaungua hawezi kukirudisha kwenye pombe yake, na wapime kwa mizani, debe hataki kulisikia.